Haki ya Msambu Dume

Karibu kila aliyekulia kwenye nyumba yenye ua ameishuhudia hukumu hii ikitolewa. Mpapai umeota wenyewe nyuma ya jiko, umeponea maji ya kuoshea vyombo, umekua hadi kulizidi paa. Siku moja unatoa maua. Si yale yaliyoshikamana na shina, bali ya vishada virefu vinavyoning'inia kama shanga. "Dume," anasema mwenye nyumba, na neno hilo moja linatosha. Wapo wanaoupigilia msumari, au kulichanja gome lake kwa panga, wakiamini kwamba maumivu yataufanya uzae; na kwa kuwa mpapai una jinsia isiyotulia, mara mojamoja dume huzaa kweli, na sifa zikaenda kwa msumari. Wengi hawana subira hiyo. Kabla jua halijatua mpapai umelala chini, na watoto wanapuliza mabua ya majani yake kama tarumbeta.

Mti huo umekosa nini? Hauna ugonjwa. Umefanya kila kitu ambacho mpapai dume huumbwa ukifanye. Ila aliyeumwagilia maji alikuwa akingoja tunda, na tunda halikuja. Shtaka lake ni kwamba unakula ardhi bure.

Ni shtaka la kale. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba la mizabibu anautazama mtini wake, anasema amekuja miaka mitatu kutafuta matunda bila kupata, anaamuru ukatwe kwa sababu unaichosha ardhi. Mtunza shamba anauombea. Aachiwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie, autilie samadi. Ukizaa ni heri, usipozaa ukatwe. Mfano unakomea hapo. Luka hasemi kama mwaka wa nne mtini ulizaa.

Mimbarani mfano huo kwa kawaida husomwa kama habari ya huruma, na huruma imo. Lakini mtunza shamba hapingi hukumu yenyewe; anaomba muda tu. Yeye na tajiri wake wamekubaliana kwamba kipimo cha mti ni tunda, wanachotofautiana ni idadi ya miaka. Ingekuwaje kama mti ule usingezaa kamwe, hata ungepaliliwa miaka mia, kwa sababu haukuumbwa kubeba tunda? Angebakiwa na neno gani la kuutetea?

Miti ya namna hiyo ipo, na mmoja wao unaota kwenye misitu ya mvua ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, mkoani Tanga. Wenyeji wanauita msambu. Wataalamu wa mimea wanauita Allanblackia stuhlmannii, wakiyaunganisha majina ya Wazungu wawili: Allan Black wa Uskoti na Franz Stuhlmann wa Ujerumani. Duniani kote msambu huu uko Tanzania peke yake. Ndugu zake wako Ghana, Nigeria na Kamerun, lakini huu ni wa milima ya Tao la Mashariki, milima mikongwe inayoyanasa mawingu ya Bahari ya Hindi na kuyageuza mvua.

Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani analiacha joto la michungwa na mkonge, anaingia kwenye ukungu. Barabara inapita kati ya mashamba ya chai, kisha msitu unafunga pande zote mbili. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti hapo mwaka 1902, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu huo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Msambu ni mmoja wa miti mikubwa ya hapo. Shina lake limenyooka, unapita meta thelathini, majani ni mazito na yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Tunda la jike ndilo la kushangaza: refu, la rangi ya udongo, zito kiasi kwamba likianguka usiku hushtua. Ndani yake mna mbegu nyingi zilizolala kwenye utelezi.

Watu hawalichumi, wanalisubiri lianguke. Huliacha lilainike, wakazisugua mbegu kwa mikono mpaka utelezi uishe, wakazianika juani. Zikisagwa na kuchemshwa, mafuta huelea juu, na yakipoa huganda, meupe, magumu kuliko siagi. Wasambaa walikuwa wakiyapikia na kujichulia kwenye maungo yanayouma kabla kampuni yoyote haijasikia habari zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo dunia ya nje ilipokuja kwa nguvu. Unilever, Kituo cha Utafiti wa Kilimo Mseto (ICRAF) chenye makao yake Nairobi, na washirika wengine walianza mpango wa kuufanya msambu kuwa zao, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu mafuta yake yatumike kwenye siagi za kupaka mkate. Mbegu zilizokuwa zikiokotwa na wanawake na watoto njiani zikawa na mnunuzi na mizani.

Hapo ndipo shida ya dume ilipojitokeza, kwa maana msambu, kama mpapai, una miti ya kiume na miti ya kike. Ua la dume lina mafungu matano ya chavua na basi. Ua la jike lina kifuko cha mbegu. Kabla ya maua kuchanua hakuna anayeweza kuutazama mche akasema ni upi. Na maua hayaji upesi.

Ugumu wa kuuotesha unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu swali lote limejificha humo. Mbegu ya msambu haina haraka. Ikifukiwa kitaluni ilivyo, inaweza kukaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kutoa dalili yoyote, na nyingine hazioti kabisa. Waliojaribu wamegundua kwamba kulivua ganda gumu na kuiweka mbegu kwenye unyevu usiokauka husaidia, ingawa subira inabaki kuwa sehemu ya kazi. Mche ukishatoka unataka kivuli, udongo wa msituni wenye mboji nyingi, na ukungu wa mlimani. Ukitolewa kitaluni ukapandwa shambani, mkulima anaupalilia, anauzungushia majani makavu, anaukinga na mbuzi, kwa miaka kumi au zaidi. Mwaka wa kumi na moja, pengine, unachanua. Mwenye shamba anainama, anaokota ua moja, analipasua kwa ukucha. Mafungu matano ya chavua. Dume.

Mtunza shamba wa Luka aliomba mwaka mmoja. Huyu wa Usambara ametoa kumi, na samadi juu.

Msituni anayezipanda mbegu hizo ni mwingine kabisa. Ni panya buku, yule mkubwa anayejaza mashavu. Analifikia tunda lililoanguka, anazibeba mbegu, anazila baadhi na nyingine anazifukia kama akiba. Zile anazozisahau ndizo zinazokuwa msitu wa kesho. (Jamii hiyohiyo ya panya ndiyo inayofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu; kiumbe anayeitwa mwizi mashambani ameokoa miguu ya watu Msumbiji na Kambodia.) Zipo hadithi sahihi za Mtume zinazofundisha kwamba mti aliopanda Mwislamu, akila humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwa aliyeupanda. Kwa msambu sadaka hiyo inarudi: mnyama anayekula ndiye anayepanda tena. Wala panya buku hachagui jinsia. Anafukia dume na jike kwa uzito uleule.

Binadamu amepata njia ya kuchagua. Inaitwa kubebesha, na watu wa Muheza hawahitaji kufundishwa, maana michungwa yao mingi ni vikonyo vya mchungwa vilivyobebeshwa juu ya mlimau. Kwa msambu, mche uliotokana na mbegu ndio unaokuwa shina la chini. Kikonyo kinakatwa kwenye mti mkubwa unaojulikana kuwa jike, kutoka chipukizi linaloelekea juu na si tawi la pembeni. Kinachongwa kama kabari, kinapachikwa kwenye mpasuko, kinafungwa kwa utepe wa plastiki, kinafunikwa ili kisikauke. Kikishika, mti unachanua miaka kadhaa mapema kuliko ule wa mbegu, na jinsia yake inajulikana tangu siku ya kwanza. Ni ufundi mzuri ambao umewapa wakulima sababu ya kuupanda mti ambao zamani ulipandwa na panya tu.

Lakini tazama unakoelekea ufundi huo ukiachiwa njaa ya tunda peke yake. Mkulima mwenye busara ya haraka atabebesha majike matupu. Shamba zima litakuwa la miti ya kike, yenye afya, iliyochanua vizuri, na kama hakuna dume karibu wala wadudu wa kuleta chavua, hakuna hata tunda moja. Atakuwa ameondoa kila asiyezaa, na kwa kufanya hivyo amewafanya wote wawe wasiozaa.

Waarabu wa Madina walilijua jambo hili karne kumi na nne zilizopita, kwa sababu mtende nao una dume na jike. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume aliwakuta wakulima wakipachika maua ya dume kwenye vishada vya jike, akasema hadhani kwamba jambo hilo linasaidia. Wakaacha. Mavuno yakapungua. Alipoelezwa, aliwarudishia wenyewe neno katika mambo ya dunia yao, wao waliokuwa wajuzi zaidi wa kazi hiyo. Wanazuoni hulitumia tukio hilo kujadili mpaka kati ya wahyi na ujuzi wa kawaida. Mkulima wa msambu analiona na jambo la karibu zaidi: jike lililobeba tende si mwenye tende peke yake. Kurani inasema mara kadhaa, Ya-Sin na Adh-Dhariyat zikiwemo, kwamba vitu vimeumbwa jozi. Kama ni hivyo, tunda ni la jozi, na kumsifu mbebaji huku mwenzake akitupwa motoni ni kukosea hesabu.

Utetezi huu ni mzuri, ila haufiki mbali. Mjanja atajibu kwamba dume mmoja anatosha majike mengi. Jogoo mmoja huhudumia banda zima. Basi abaki mmoja, wengine wakatwe. Na mjanja huyo ana maandiko upande wake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inawakataza Waisraeli kukata miti ya matunda wanapouzingira mji, lakini ile inayojulikana kuwa si ya chakula inaruhusiwa kukatwa. Khalifa Abu Bakar, alipoyaagiza majeshi yake, anakumbukwa kwa kuilinda miti inayozaa. Maagizo hayo yalikuwa rehema kubwa kwa nyakati zake, na hakuna haja ya kuyapunguza. Ila yanaacha mlango wazi, na kwenye mlango huo ndipo anaposimama dume wa pili, wa tatu na wa kumi.

Hapo lazima kipimo chenyewe kiguswe. Wasambaa wana usemi ambao mwanahistoria Steven Feierman aliuandikia kitabu kizima mwaka 1990: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Mfalme wa Wasambaa, aliyekaa Vugha, hakupimwa kwa ng'ombe wake. Alipimwa kwa nchi: mvua inanyesha, watu wanashiba, hawauani. Nchi ikipona, imepona yote pamoja. Haiwezekani bonde moja lipone na la pili liungue. Ukiuingiza msambu dume kwenye fikra hiyo, shtaka la kula ardhi bure linakosa mguu wa kusimamia, kwa sababu mti huo haukuwahi kusimama peke yake mbele ya mwenye shamba. Mizizi yake inaushika mteremko uleule. Majani yake yanakamua ukungu uleule. Mto Zigi, unaoanzia kwenye milima hiyo, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na huko ndiko watu wa jiji la Tanga wanakopata maji. Anayefungua bomba Ngamiani, mjini humo, hawezi kuyatenga matone ya dume na ya jike.

Na Usambara hiyohiyo imeshaonyesha kwamba kuzaa si sawa na kuponya. Uko mti uitwao mhesi, wenye asili ya Uganda na ukanda wa Ziwa, ulioletwa Amani na kupandwa kwa sababu unakua kwa kasi. Unazaa mno. Hondohondo wanazipenda mbegu zake na kuzitawanya, na kila palipokatwa mti wa asili mhesi ukawahi. Kwa miongo kadhaa watafiti wamekuwa wakihangaika nao, mgeni mwenye matunda tele anayeubadilisha msitu wa wenyewe. Kama tunda lingekuwa kipimo, mhesi ungekuwa mtakatifu wa Amani.

Bado mtu anaweza kusema kwamba maji ya Tanga nayo ni tunda, la namna nyingine. Ni kweli. Kila utetezi wa faida, hata uwe mpana kiasi gani, unauacha mti kizimbani ukisubiri kuthibitisha ulichotoa. Vitabu vitukufu vinapoizungumzia miti nje ya vita na mashamba, vinaacha lugha hiyo. Sura ya Al-Hajj, aya ya 18, inaitaja miti pamoja na jua, mwezi, nyota na milima miongoni mwa vinavyomsujudia Mungu; haiulizi ipi imezaa. Zaburi ya 148 inaiita miti ya matunda na mierezi kwenye sifa moja, na mwerezi haujampa mtu chakula tangu uumbwe. Kwa mwenye kuamini, hapo kuna jibu ambalo mtunza shamba wa Luka hakulitaja. Mti una shughuli na Aliyeuumba kabla haujawa na shughuli na mwenye shamba, na shughuli hiyo haimpitii binadamu. Mwenye shamba anaweza kuwa na sababu ya kuukata, kwa mbao, kwa nafasi, kwa njaa ya watoto wake, na sababu hizo zipimwe kwa haki. Asichoweza ni kusema ulikuwa ukiishi bure.

Mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, alisimulia kwamba utotoni, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Mtoto hakuelezwa faida yake. Baadaye, akiwa msomi, alikuja kuelewa kwamba mizizi ya mugumo na chemchemi iliyokuwa jirani nao vilitegemeana. Heshima ilitangulia, maelezo yakafuata; kama mpangilio ungegeuzwa, huenda mti usingekuwepo wa kuelezwa.

Jambo hili halihusu miti peke yake, na itakuwa unafiki kulipita. Kiswahili kina maneno mgumba na tasa, na kila aliyekaa kijijini anajua yanavyotamkwa: chini kwa chini, kisimani, mwanamke akishapita. Ndoa ngapi zimevunjwa kwa shtaka lile la mpapai. Na visa ambavyo dini huwasomea watu hao kwa faraja, vya Sara, Hana, Zakaria na mkewe, vyote vinamalizika kwa mtoto kuzaliwa. Ni faraja ya kungoja, mwaka mmoja zaidi na samadi. Kwa ambaye hatazaa haina neno. Neno liko kwingine. Bi Aisha, mke wa Mtume, hakujaaliwa mtoto. Zaidi ya hadithi elfu mbili zimepokewa kupitia kwake, masahaba wakubwa walimwendea kuuliza, na aliitwa Umm Abdillahi kwa jina la mtoto wa dada yake. Umma mzima umekula kivulini kwake, na hakuna anayesimama kuhesabu alichokosa.

Shambani Usambara, mambo yanaamuliwa kwa namna ya kawaida zaidi. Msambu dume ulioachwa mpakani mwa shamba hauzuii kazi. Iliki inaota chini ya kivuli chake, pilipili manga inapanda juu ya shina. Msimu wa maua, mkulima anayefikiria miaka ishirini ijayo anapita akiweka alama kwenye miti, ya kike kwa ya kiume, kwa sababu maua yakishaanguka miti yote itafanana tena. Mvua zikikaribia anakwea mtini na kisu kukata vikonyo. Vya majike ni vingi, anaviviringisha kwenye gunia lililoloana. Kisha anaenda mpaka mpakani, anakata vichache vya dume, anavifunga peke yake kwa kamba ya rangi nyingine, visije vikapotea njiani kurudi kitaluni.